Jua Likiingia Garini Halitoki

Mwezi wa Oktoba, mjini Kigoma, watu kadhaa walikuwa wamesimama kando ya barabara wakitazama gari la wageni. Lilikuwa gari la kulala, yaani gari lenye kitanda ndani, jiko dogo na madumu ya maji, kama nyumba yenye magurudumu. Wenyewe walikuwa wameliegesha chini ya mwembe, tena vioo vyote walikuwa wameviziba kwa vitu vinavyong'aa kama bati jipya.

"Wanaficha nini hawa?" akauliza kijana mmoja. "Bila shaka wana mali humo."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni lake la dagaa akacheka. "Wanaficha kivuli, mwanangu," akasema, akaenda zake.

Mama yule alisema kweli kuliko alivyodhani. Siku hizi magari yamefika hata vijijini kwetu. Tunapanda Hiace na Probox kwenda sokoni, tunapakia wagonjwa katika pikapu, na wengine wetu ni madereva wa malori ambao gari ndilo jiko lao na ndilo kitanda chao. Basi yafaa tujue namna ya kukificha kivuli hicho, maana joto la ndani ya gari si taabu ya jasho tu. Laweza kuua.

MTEGO WA JOTO

Kwa nini gari lililofungwa huwa kama tanuru, hali nje kuna upepo mzuri wa ziwa? Nuru ya jua hupita katika kioo bila shida. Ikifika ndani hupiga viti, usukani na vyuma, navyo hupata moto. Kitu kilichopata moto hutoa joto lake, lakini joto hilo ni la namna nyingine, halionekani kwa macho, na kioo hakilipitishi kama kinavyopitisha nuru. Tena hewa ya ndani imefungiwa, haina pa kutokea. Ni kama mgono wa kuvulia samaki: njia ya kuingia ipo, ya kutoka haipo.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita mtaalamu wa Geneva, jina lake Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku, akalifunika kwa vioo vya tabaka kadhaa, akalianika juani. Joto la ndani likapita hata lile la maji yanayochemka. Wala hakuwasha moto wowote. Jua peke yake lilitosha.

Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitangaza katika jarida la madaktari wa watoto majaribio waliyoyafanya kwa gari lililofungwa juani. Kwa muda wa saa moja, joto la ndani lilizidi la nje kwa digrii 22 hivi za Sentigredi. Na jambo la kutisha ni hili: sehemu nne katika tano za ongezeko hilo zilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Walipoviacha vioo wazi kidogo, upana wa vidole viwili tu, haikusaidia kwa kiasi cha maana.

Sasa tufanye hesabu yetu. Mchana wa digrii 30 si ajabu huku kwetu. Ongeza 22: digrii 52. Nani kati yetu angemlaza mtoto katika chumba cha namna hiyo?

DAKIKA KUMI TU

Baba mmoja wa vijiji vya Kasulu alitusimulia yaliyompata. Alikwenda Kibirizi kununua dagaa, akamchukua na mwanawe wa miaka mitatu. Walipofika, mtoto alikuwa amelala usingizi mzito katika kiti cha pikapu. Baba akamhurumia, hakutaka kumwamsha. Akafunga vioo ili asiibiwe, akafunga na milango. "Nilisema nakwenda kwa dakika kumi tu," akatuambia. "Lakini kupatana bei ya dagaa hakuna dakika kumi."

Aliyemwokoa mtoto ni mama muuza samaki. Alipita karibu na gari, akamwona mtoto ameegemea kioo, nywele zimelowa, macho yamelegea. Akapiga kelele, "Baba mwenye gari jeupe! Njoo upesi, mtoto anakufa huku!" Baba akakimbia, akafungua. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa, tena hakuitika alipoitwa. Akina mama wakamvua nguo, wakamlaza kivulini, wakammwagia maji mwili mzima na kumpepea kwa kanga, kisha wakampeleka hospitali. Tumshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini baba yake hadi leo akilitaja jambo hilo hutazama chini.

Wazazi wapenzi, mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, wataalamu husema mara tatu hadi tano. Mwili ukifikia digrii 40, uhai u hatarini. Huko Marekani, ambako hesabu huwekwa, tangu mwaka 1998 wamekufa watoto 37 hivi kwa wastani kila mwaka kwa sababu ya joto la ndani ya magari, na zaidi ya nusu yao walisahauliwa na watu waliowapenda. Si watu wabaya waliowasahau. Ni watu waliokuwa na haraka.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mtoto haachwi peke yake garini, hata kwa dakika moja, hata kivulini, hata vioo vikiwa wazi. Kivuli nacho huhama. Mkimwona mtoto amezidiwa na joto, fanyeni kama akina mama wa Kibirizi: kivuli, maji mwilini, kumpepea, na hospitali mara moja. Maji ya kunywa apewe kidogo kidogo, ikiwa tu ana fahamu zake na aweza kumeza.

KUZIBA VIOO

Haya, turudi kwa gari la wale wageni. Kile king'aacho hurudisha nuru ilikotoka kabla haijageuka kuwa joto. Ndiyo siri yote. Lakini kuna kuziba kwa kufaa na kuziba kwa kujidanganya.

Kwanza, kuziba kwa nje kunashinda kuziba kwa ndani. Ukiweka pazia ndani, nuru imekwisha kupita kioo, na joto la pazia lenyewe limekwisha kuingia chumbani. Ukifunika kioo kwa nje, jua hupigwa mlangoni. Kwa kazi hiyo si lazima ununue kitu cha dukani. Mkeka uliotandikwa juu ya kioo cha mbele hufaa sana. Turubai nyeupe hufaa. Na sisi watu wa mawese tuna matawi ya michikichi: yakilazwa juu ya paa la gari lililosimama, huzuia jua na kupitisha upepo.

Pili, ukiziba kwa ndani, upande unaotazama jua uwe mweupe au wa kung'aa. Kitambaa cheusi hunywa nuru yote, kisha huwa jiko ndani ya gari. Twaa boksi la karatasi ngumu, likate kwa kadiri ya kioo, ulibandike karatasi ya kung'aa ile ya kufungia vyakula, uligandamize karibu na kioo. Ukikosa karatasi hiyo, hata shuka jeupe lina faida kuliko kukaa bure.

Tatu, usisahau kuyaondoa yote kabla ya kuwasha gari. Dereva lazima aone mbele, nyuma na pembeni.

VIPI TINTI?

Vijana wengi hupenda vioo vyeusi, wakisema gari huwa baridi. Ni kweli kwa sehemu. Karibu nusu ya nguvu ya jua huja katika nuru tunayoiona, na karibu nusu nyingine katika miali isiyoonekana. Tinti rahisi ya rangi hupunguza hasa ile nuru inayoonekana, na yenyewe hupata moto, ikarudisha sehemu ya moto huo ndani. Ziko tinti nyingine zilizotengenezwa kuzuia hasa miali isiyoonekana, nazo hufanya kazi vizuri zaidi bila hata kuwa nyeusi sana. Kwa hiyo weusi wa kioo si kipimo cha ubaridi. Mwenye kuuza akikuonyesha weusi tu, muulize: je, yazuia joto kiasi gani?

Tena fikirini barabara zetu usiku. Hutembea baiskeli zisizo na taa, zimebeba mkaa na madumu ya mawese. Huvuka watoto na mbuzi. Dereva aliyejifungia nyuma ya vioo vyeusi amejipunguzia macho yake mwenyewe. Kioo cha mbele kisitiwe giza kamwe, na kabla ya kubandika chochote katika vioo vingine waulizeni askari wa usalama barabarani kinachoruhusiwa.

Iko faida moja ya vioo ambayo haisemwi sana. Kioo cha kawaida cha pembeni hupitisha sehemu kubwa ya miali inayodhuru ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino wakisafiri mchana kutwa karibu na dirisha huumia hata gari likiwa limefungwa. Iko karatasi ya kioo iliyo nyeupe kabisa, haitii giza, lakini huzuia miali hiyo. Asiye nayo na amketishe ndugu huyo upande usio na jua, au atundike kanga dirishani, naye avae mikono mirefu na kofia. Ni jambo dogo kwetu, kubwa kwake.

JUA LA KIGOMA LINA SAA YAKE

Jua letu si sawa na la Dar es Salaam. Saa zetu ni moja, lakini sisi tuko mbali sana magharibi. Jua hufika utosini Kigoma karibu saa saba mchana, si saa sita, na hutua karibu saa moja jioni. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Siku hizo paa ndilo linalopigwa zaidi, na anayeziba vioo bila kufunika paa amefanya nusu ya kazi.

Kisha alasiri jua hushuka upande wa ziwa na milima ya Kongo, likaingia madirishani kwa mshazari. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akingoja zamu ya kushusha shehena karibu na bandari, alituonyesha desturi yake. Asubuhi akiegesha hajiulizi kivuli kiko wapi sasa, bali kitakuwa wapi saa tisa. "Kivuli cha asubuhi ni cha mjinga, bwana," akasema. Huligeuza lori ili kioo kikubwa cha mbele kisitazame magharibi. Hufungua vioo viwili vinavyokabiliana, ili upepo utokao ziwani mchana uingie huku na kutokea kule. Na akiingia baada ya gari kukaa juani, hufungua milango yote kwanza, huacha hewa ya moto itoke, ndipo huketi.

Usiku hulala humo humo. Huacha vioo wazi, lakini amevishonea wavu wa chandarua, maana mbu wa malaria hawana huruma. Katika kiangazi hutundika kitambaa kilicholowa maji karibu na dirisha. Upepo ukipita katika maji hupoa, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Masika hewa ikiwa na unyevu mwingi, hila hiyo haifai kitu. Wala hapiki kwa mkaa ndani ya gari, wala halali na injini ikiunguruma vioo vikiwa vimefungwa. Moshi wa mkaa na wa injini una sumu isiyo na harufu, na wengi waliolala nayo hawakuamka.

Vitu navyo huumia. Dawa nyingi zimeandikwa zisikae penye joto la kupita digrii 30. Ukiziacha garini mchana zaweza kupoteza nguvu, nawe utameza ukidhani unapona. Mitungi ya gesi na madumu ya petroli yasiachwe kabisa ndani ya gari lililofungwa.

WAZEE WALIJUA

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliondoka kabla ya mapambazuko na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Pale Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, pakumbukwa kwa sababu ya mwembe, na hadi leo miembe ya Ujiji hutia kivuli watu wanaopumzika. Aliyeipanda hakuwa na motokaa, lakini alijua kwamba kivuli hupandwa leo ili kitumiwe kesho.

Kama kijijini kwenu magari husimama mahali pamoja, penye duka, zahanati au uwanja wa kanisa, pandeni miembe pale, upande wa magharibi hasa. Mpaka itakapokua, tumieni mikeka na maboksi yenu.

Na yule baba wa Kasulu? Tangu siku ile amejiwekea sheria. Akisafiri na mtoto, kiatu chake kimoja hukivua na kukiweka kando ya mtoto. Hawezi kushuka na kwenda sokoni na mguu mmoja mtupu bila kugeuka nyuma. Watu humcheka. Yeye hucheka pamoja nao, kisha humbeba mwanawe, wakaenda wote kununua dagaa.