Tanga la Mwanafunzi

Barafu ya Mto Charles iyeyukapo, baina ya miji ya Boston na Cambridge huko Marekani, wanafunzi hushuka gatini wakatweka matanga. Chuo cha MIT kilijenga banda lake la mashua mwaka 1936, na tangu hapo mwanafunzi wa uhandisi, ambaye pengine amelelewa mbali na bahari, hufunzwa kushika usukani na kubisha. Mjini humo husikika Kihispania, Kireno, Kichina, Kiamhari na Krioli ya Haiti. Na jirani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, husomeshwa hata Kiswahili chetu. Wenye lugha hizo wakiingia chombo kimoja hawana budi kukubaliana juu ya upepo.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili: MIT haimpi kijana shahada ya kwanza mpaka afaulu jaribio la kuogelea, au asome somo lake. Sisi wa Unguja na Pemba, tuliozungukwa na maji, tumejiwekea sharti gani? Mv. Spice Islander ilizama Septemba 2011, Mv. Skagit ikafuata Julai 2012, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Kuogelea kusingewaokoa wote. Hata hivyo watoto wengi, wa kike hasa, humaliza skuli bila ya kujua kuelea, ilhali ufuo u hatua chache kutoka darasani, na wazee wa ngalawa, walimu wasiodai mshahara mkubwa, wamekaa vivulini. Ndugu zetu wa Wizara ya Elimu, somo hili laweza kuanza wakati wa maleleji, bahari ikiwa shwari.