Lupita Nyong'o: Hii Ndio Miaka 17 Kabla ya Oscar Ambayo Wasee Huruka

Pale Kisian barabara hugawanyika mara mbili. Moja inaenda Maseno hadi Busia. Ile ya kushoto ukitoka Kisumu inashika Bondo kupitia Seme, na Seme ndio nyumbani kwa kina Nyong'o. Kwa hivyo stori ya Lupita ikiguswa ndani ya mathree hapo, kila msee ako na yake. Mmoja atakuambia ni bahati. Mwingine atasema ni jina la babake. Wachache sana watakuambia vile kazi yenyewe ilienda.

Wacha tuipange mwaka kwa mwaka, ndio ujiamulie.

Lupita alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa anafunza chuo huko, wakati ambao kukosoa serikali ya Kenya kulikuwa kujitafutia ngori. Jina lenyewe limetoka huko huko: Lupita ni kifupi cha Guadalupe. Kabla afikishe mwaka mmoja, familia ilikuwa imerudi Kenya. Yeye ni wa pili kati ya watoto 6.

Sasa anza kuhesabu. Akiwa na miaka 14, alicheza Juliet kwa Romeo and Juliet na kikundi cha Phoenix Players pale Nairobi. Huo ndio mwanzo. Akiwa 16 wazazi wakamrudisha Mexico kwa miezi saba ajifunze Kihispania. Alipomaliza sekondari Nairobi, akaenda Hampshire College, Marekani, kusomea filamu na maigizo.

Hapa ndipo wengi huruka. Wakati The Constant Gardener ilikuwa inapigwa hapa Kenya, Lupita alikuwa kwa seti, lakini sio mbele ya kamera. Alikuwa msaidizi. Kama hujawahi kuwa kwa seti, hiyo ni kazi ya kutumwa: leta hiki, ita yule, zuia watu wasipite. Ralph Fiennes, staa wa hiyo muvi, ndiye alimwambia aingie uigizaji kama tu anaona hawezi kuishi bila hiyo kazi. Filamu ilitoka 2005. Oscar ilikuwa bado miaka 9 mbele.

2009 ndio mwaka ambao Kenya ilimjua. Alikuwa Ayira kwa Shuga, ile series ya MTV iliyopigwa Nairobi kuhusu mavijana, mapenzi na ukimwi. Kwa wasee wa Kisian hiyo mada haikuwa ngeni. KEMRI iko hapo hapo, na utafiti wa virusi vya ukimwi na malaria ni kazi yao ya miaka mingi. Ni mwaka huo huo pia documentary yake In My Genes ilitoka, kuhusu maisha ya Wakenya wenye ualbino. Hiyo aliielekeza mwenyewe. Yaani kabla dunia imwone, alikuwa ashakaa kila upande wa kamera.

Ungedhani hapo amefika. Badala ya kukaa Nairobi akipigwa picha kwa sherehe, alirudi darasani. Alienda Yale kusomea uigizaji, digrii ya pili, akamaliza 2012. Ni karibu na kumaliza ndipo alipata role ya Patsey kwa 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Filamu ikatoka 2013. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja tu baada ya kufikisha miaka 31, akashinda Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Mkenya wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji.

Kutoka Juliet hadi hapo ni miaka 17. Hiyo ndio "usiku mmoja" watu hupenda kubonga juu yake.

Na sasa ile ya jina la babake. Tusidanganyane. Baba amekuwa mbunge, waziri, seneta, na tangu 2017 ni gavana wa Kisumu. Mtoto wa mama mboga hapo Kisian hawezi amka tu apelekwe Mexico kujifunza lugha. Karo ya chuo Marekani si doh ya kuokota. Hiyo mlango alifunguliwa, na ni vizuri kuisema wazi, juu ukimwambia kijana "jitume tu utafika Yale" bila kumwambia nani alilipa nauli, unamtesa bure.

Lakini ukishapita mlango, kamera haijui babako ni nani. McQueen hakuwa anatafuta kura za Kisumu. Na Kenya ina watoto wengi wa mawaziri. Hesabu wangapi wana Oscar.

Kitu kingine: kushinda hakukumaliza shida. Lupita mwenyewe amesema kwamba baada ya Oscar, kazi alizoletewa zilikuwa zile zile za mtumwa. Fikiria hiyo. Umeshinda tuzo kubwa zaidi Hollywood, halafu wanataka urudie minyororo. Akaamua kuchagua, hata kama ni kufanya kazi chache. Akawa sauti ya Maz Kanata kwa Star Wars 2015. Akaenda jukwaani New York na Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake kwenye vita vya Liberia, akateuliwa kwa tuzo ya Tony 2016. Mwaka huo huo akawa mama wa Phiona Mutesi kwa Queen of Katwe, stori ya msichana wa chess kutoka mtaa wa Kampala.

Halafu 2018 ikaja Black Panther. Akiwa Nakia, ile muvi ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, na Kisumu ikapata uzinduzi wake. Mwaka uliofuata, 2019, akacheza watu wawili kwa Us, na akatoa kitabu cha watoto, Sulwe. Kama unaelewa Dholuo unajua sulwe ni nyota. Ni kuhusu mtoto mweusi tititi anayetamani kuwa mweupe, na Lupita amewahi kusema kwamba akiwa mdogo aliomba Mungu ngozi yake ibadilike. Kwa mtaa ambao krimu za kujichubua bado zinauzwa, hiyo si stori ya Hollywood.

2024 akawa mwenyekiti wa majaji kwa tamasha la filamu la Berlin, na hapo hapo akawa mwigizaji mkuu kwa A Quiet Place: Day One na kuwa sauti ya roboti Roz kwa The Wild Robot.

Kama wewe ni msee wa kuigiza, ama wa kushika kamera, usianzie kwa gauni la Oscar. Tafuta Shuga ya 2009, uangalie Ayira. Kisha weka Us ya 2019. Ni mtu yule yule, miaka 10 katikati. Angalia macho, sauti, vile anatembea. Nauli ya Mexico huenda huna, lakini hiyo tofauti kati ya hizo mbili ni mazoezi, na mazoezi unaweza anza leo na simu uliyoshika.