Mafuta ya Karafuu na Utando wa Bakteria Sugu

Bakteria wengi hawaishi wakielea mmoja mmoja. Wakipata mahali pa kushika, iwe jino, kidonda kisichopona au mpira wa mkojo wa mgonjwa, hujikusanya na kutoa ute wa sukari, protini na DNA unaowafunika wote. Mkusanyiko huo ni utando hai. Ukoga wa meno ni utando wa aina hiyo.

Dawa hupenya ute huo kwa shida. Bakteria walio chini kabisa hukosa chakula na hewa, hivyo hukua polepole mno, ilhali viuavijasumu vingi huua bakteria wanaokua. Ndiyo maana bakteria wa Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa wakiwa ndani ya utando huweza kuhimili dawa hata mara 1,000 zaidi ya wanaoelea. Fangasi wa Candida albicans nao hujenga utando.

Mafuta ya karafuu ni miongoni mwa mafuta ya mimea yanayochunguzwa kwa ajili ya tatizo hili. Huko Pemba, kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake hutoa mafuta hayo kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Kiini cha mafuta hayo ni eujenoli, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yote. Eujenoli hujipenyeza kwenye kiwambo cha seli ya bakteria na kukitoboa, vilivyomo vikavuja. Kwa kiwango kidogo, huvuruga ishara za kikemikali ambazo bakteria hutumia kupatana kujenga utando. Kwa kuwa hushambulia sehemu kadhaa kwa pamoja, bakteria hupata ugumu zaidi kujenga usugu dhidi yake. Timoli ya zaatari na sinamaldehidi ya mdalasini hufanya kazi kwa njia zinazokaribiana.

Hata hivyo, matokeo mengi ni ya maabara. Mafuta haya hayachanganyiki na maji, hugeuka mvuke upesi, na kiwango kinachobomoa utando huweza kuunguza pia seli za binadamu. Watafiti wanajaribu kuyagawa katika matone madogo mno, na kuyatumia pamoja na viuavijasumu.

Madaktari wa meno tayari hutumia eujenoli iliyochanganywa na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Nje ya matumizi ya kitaalamu, mafuta ya karafuu yasimwagwe kwenye kidonda wala kunyweshwa mtoto, kwani yamewahi kuharibu ini la watoto walioyameza. Dawa ya hospitali itumike kama ilivyoagizwa.