Tairi la Akiba Mlimani: Utangulizi wa Elimu ya Matengenezo

Wanunuzi wa magari yaliyotumika Japani wameanza kulizoea jambo hili: unainua zulia la buti ukitafuta tairi la akiba, unakuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya maji mazito ya kuzibia pancha. Gurudumu hakuna, na mara nyingine hata jeki haipo. Wapo wanaodhani wameibiwa bandarini, kumbe gari lilitoka kiwandani vilevile.

Je, gari la leo libebe tairi la akiba au lisibebe? Nimelichagua swali hili liwe mlango wa kuingilia elimu ya matengenezo, yaani taaluma inayochunguza vyombo vikiwa kazini, vikichakaa, vikiharibika na kurudishwa barabarani. Mvumbuzi na kiwanda tutakutana nao, ila tunaanza na mtumiaji na fundi. Kwa hiyo Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, panafaa kuisomea taaluma hii, sawa na Nagoya ya viwanda vya magari.

Tairi la akiba lilizaliwa na barabara mbovu. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo mwaka 1888, na mwaka 1895 ndugu wawili wa familia ya Michelin wakalifunga kwenye gari la mashindano ya Paris na Bordeaux. Safari ikawa laini, lakini pancha hazikuisha. Magurudumu ya wakati ule hayakufunguka kwa urahisi, hivyo dereva alilivua tairi na kuliziba palepale njiani, barabara zikiwa zimetapakaa misumari ya viatu vya farasi. Mwaka 1904 Thomas Morris Davies na nduguye Walter, wa mji wa Llanelli huko Wales, walianza kuuza gurudumu lisilo na spoku, lenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, la kubanwa ubavuni mwa lile lililotoboka. Waliliita Stepney, jina la mtaa wao.

Karne moja baadaye barabara za Ulaya, Marekani na Japani zilikuwa zimenyooka, pancha zikawa adimu, na watengenezaji wakapiga hesabu. Gurudumu la gari dogo lina kilo 15 hivi. Ukiliacha unapunguza mafuta kidogo na unapata nafasi ya betri. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilieleza kwamba zaidi ya theluthi moja ya magari ya toleo la 2015 yaliuzwa huko bila tairi la akiba. Ila tuangalie vizuri ni kitu gani kilichukua nafasi yake. Chupa ni sehemu ndogo tu. Nyuma yake kuna gari la msaada linaloitwa kwa simu, bima inayolilipia, na barabara kuu ambayo mtu anaweza kusubiri kando yake kwa usalama. Kwetu imefika chupa. Hivyo vingine vimebaki kulekule.

Tena chupa yenyewe ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka michache tu tangu itengenezwe. Gari lililokaa Japani miaka kumi kabla ya kupanda meli hutufikia likiwa na dawa iliyokwisha muda. Hata ikiwa mpya, inaziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi, wala haiwezi kitu ubavu ukichanika. Na mlimani ubavu ndio unaoumia. Pancha za Moshi mjini huletwa zaidi na misumari na vipande vya chuma. Ukishuka kuelekea Kahe na Arusha Chini, adui ni mwiba wa mgunga. Ukiiacha lami ya Machame au Kibosho na kuingia njia za vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, unakutana na mawe makali ya volkano, na wakati wa masika mawe hayo hujificha ndani ya tope.

Mtazame fundi wa pancha akiwa kazini. Analizamisha gurudumu kwenye karai la maji, analizungusha polepole, na mapovu yanamwonyesha tundu. Kama tairi halina tyubu, anauchomoa msumari kwa plaizi, analikwangua tundu kwa tupa ya duara, anasukuma uzi wa mpira uliopakwa gundi, anaukata unaochomoza, kisha anajaza upepo na kurudisha gurudumu majini kuhakikisha. Ni kazi ya dakika chache. Lakini kama dereva alikwisha kumimina ile dawa ya chupa, fundi hukuta utando unaonata ndani yake, na hana budi kulivua tairi lote na kuliosha, kwa kuwa kiraka hakishiki juu ya uchafu.

Fundi huyo ndiye huduma yetu ya msaada, na ana bodaboda wake. Dereva asiye na tairi la akiba hulifungua gurudumu, akaliacha gari juu ya jeki na mawe, na gurudumu likapelekwa kwa fundi kwa pikipiki. Mjini, mchana, utaratibu huu unafanya kazi vizuri kiasi kwamba hoja ya kuacha tairi la akiba ina nguvu pale kuliko wengi wanavyokubali. Usiku, mvua ikinyesha, juu kule Uru au Kilema, hauwezi kutegemewa. Ndiyo maana ninasema jibu la swali letu halimo ndani ya gari. Limo katika umbali kati ya gari na fundi, na katika saa.

Desemba hulithibitisha hilo. Wachaga wanaoishi Dar es Salaam hurudi nyumbani kwa Krismasi, na magari madogo yaliyozoea lami ya jiji husafiri zaidi ya kilomita 500 kisha kupanda hadi mlangoni kwa bibi. Wengi wana lile tairi jembamba la muda. Hilo hujazwa upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Lilikusudiwa kumfikisha mtu kwa fundi wa jirani, halikukusudiwa safari ya Mombo hadi Same, sembuse mteremko wa Marangu na familia nzima ndani.

Hata tairi kamili linaweza kudanganya. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2309 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la akiba halichakai kwa kutembea, linazeeka kwa kukaa. Kashata zake zinang'aa, lakini mpira umekauka. Ninawasihi wasomaji walikague kabla ya kuliamini.

Anayetaka kuendelea ana pa kushika. Mwanahistoria David Edgerton, mwaka 2006, aliandika juu ya vitu vya zamani vinavyoendelea kuuendesha ulimwengu. Kenda Mutongi aliandika historia ya matatu za Nairobi mwaka 2017, na Joshua Grace, mwaka 2021, akaandika historia ya gari Tanzania inayowapa mafundi wa gereji heshima yao. Bado hatuna kitabu cha tairi peke yake, ingawa kisa kipo: kiwanda cha General Tyre cha Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kunyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000, na makatambuga, tairi lililokwisha maisha yake barabarani likaanza mengine miguuni.

Msimamo wangu ni kwamba gari linalopanda mlima au kusafiri mbali libebe gurudumu kamili, lenye umri mdogo, pamoja na jeki iliyojaribiwa. Lakini taaluma hii ina maswali magumu kuliko hilo. Bajaji za Moshi zina magurudumu matatu ya kipimo kimoja, na gurudumu moja la akiba linatosha kwa yote. Kwa nini magari mengi hayakutengenezwa kwa kipimo kimoja, mtu wa Moshi akanunua tairi moja akijua litaingia kwenye gari la jirani yake?