Baba amerudi, vita vimekuja naye

JE, msomaji, mvua ya mawe ikianza kugonga paa la mabati, wewe huwaza nini? Kwa mkulima wa Kimulot, kaunti ya Bomet, wazo huwa moja tu: majani chai yangu yamekwisha! Milima hii, kutoka Nandi hadi Kericho na Bomet, inajulikana duniani kwa wingi wa mvua hiyo.

Lakini kwa mwanajeshi aliyestaafu, kishindo hicho hicho chaweza kumtupa chini ya kitanda, jasho likimtiririka, huku mkewe na watoto wakimtazama wasijue la kufanya.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilishambuliwa na Al-Shabaab. Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Waliokufa walililiwa. Waliopona walirudi makwao, lakini ni nani aliyewauliza kama usiku wanalala?

Mtu aliyeponea chupuchupu huweza kuyaona tena yaliyompata, ndotoni au akiwa macho. Hushtuka upesi, hukwepa watu, hukasirishwa na jambo dogo. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, huo ni ugonjwa, wala si uoga, uchawi au laana. Wengine hukimbilia ulevi, na hapo nyumba nzima huumia.

Aidha, kambini kila kitu kilikuwa na saa yake na amri yake, na wenzake walikuwa kando yake. Nyumbani yuko peke yake na michai yake, na mtoto aliyesahau kupanga viatu hukaripiwa kama kuruta.

Wazee hawakulipuuza jambo hili. Mwaka 1909, Mwingereza A. C. Hollis aliandika kwamba Mnandi, ndugu wa Mkipsigis, aliyemuua mtu wa kabila jingine hakuruhusiwa kwenda nyumbani moja kwa moja. Alikaa siku 4 katika kibanda kando ya mto, kisha akanywa dawa ya kujitakasa.

Basi mama, ukiwa na mume wa namna hii, usimwamshe kwa kumshika. Simama mbali kidogo umwite kwa jina. Usimlazimishe kusimulia, lakini akianza, msikilize. Waeleze watoto kwamba baba ni mgonjwa, wala si wao waliomkosea. Kisha mpelekeni hospitali, kwani ugonjwa huu hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, na pengine dawa.

Akitaja kujiua, msingoje kesho. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa hatia inakiuka Katiba.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyelinda mpaka wetu naye anastahili kulindwa, hasa usiku ule mawe yanapogonga mabati.