Talaka Kortini kwa Asiye na Pesa ya Wakili

Mara nyingi tukitembelea vikundi tunaulizwa swali moja, tena kwa sauti ya chini baada ya mkutano kwisha: "Bwana aliniacha zamani, lakini cheti cha ndoa bado kipo. Pesa ya wakili nitatoa wapi?" Swali ni zito. Bila amri ya korti, ndoa ya cheti bado ni ndoa. Barua ya chifu haiivunji, hata ikiwa na muhuri, wala kurudisha mahari hakuivunji. Anayefunga ndoa nyingine ya cheti kabla ya amri hiyo aweza kufungwa hadi miaka mitano.

Kwanza, hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwa na wakili. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, mwenye ndoa ya Kikristo anapeleka ombi kwa hakimu, si lazima afike Hakimu Mkuu wala Nairobi. Sababu zinazokubaliwa ni kama uzinzi, ukatili, kuachwa miaka mitatu au zaidi, au ndoa kuharibika kabisa. Waislamu huenda kwa kadhi.

Halafu kuna ada ya korti. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 chasema ada isimzuie mtu kupata haki. Kanuni za kesi za madai, Amri ya 33, zinamruhusu asiye na uwezo aombe kushtaki bila kulipa ada. Ataandika mali yake yote na bei zake, na kwa kawaida ataleta ombi mwenyewe ili aulizwe. Hapa watu huharibu: anaficha ng'ombe kwa shemeji, na ikigunduliwa ombi linatupwa. Sema kweli tu. Ruhusa hiyo ni ya ada peke yake, haikupi wakili.

Wakili wa bure huombwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. FIDA Kenya, iliyoanza 1985, husaidia akina mama, na Kituo cha Sheria kipo tangu 1973. Huko utafundishwa hata kujitetea mwenyewe. Usimpe pesa kijana anayezunguka nje ya korti akidai anajua karani.

Mali ni jambo lingine. Sheria ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kwa hiyo daftari la kikundi linaloonyesha mkopo uliojenga nyumba ni ushahidi. Makatibu, msiyatupe madaftari ya zamani!

Wengine huogopa kwamba kwenda kortini ni kuliasi Kanisa. Katekisimu, namba 2383, inavumilia talaka ya serikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki za kisheria, malezi ya watoto au urithi. Kuolewa tena kanisani ni swali tofauti, la mahakama ya Kanisa ya jimbo.

Aliyepoteza cheti aanzie parokia alikofungia ndoa, kwani kitabu cha ndoa huhifadhiwa huko. Akumbuke mwaka na majina ya mashahidi.