Mbwa akiharisha Goma: pesa itangulie wapi?

Mbwa akianza kuharisha ghafla, wengi hapa Goma hukimbilia farmasi ya mtaani kuomba Flagyl. Plaketi moja ni rahisi kuliko kumwita veterinere nyumbani, na hakuna anayekudai karatasi ya daktari. Lakini inakununulia nini?

Marekani, utafiti wa 2019 uligawa mbwa 60 katika makundi matatu. Waliopewa bakteria wazuri wa tumbo walipata choo cha kawaida kwa wastani wa siku 3.5, wa metronidazoli (antibiotiki, ndiyo Flagyl) siku 4.6, wa dawa bandia 4.8: tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Utafiti mwingine, wa 2020, uliona metronidazoli ikiokoa siku moja na nusu. Haya, tukubali hiyo siku moja na nusu. Kwa upande wa pili, dawa hii huvuruga bakteria wa utumbo kwa majuma, na dozi ya kukisia ikizidi, mbwa huyumba kama mlevi. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 unasema mbwa asiye na dalili za ugonjwa mkali asipewe antibiotiki, hata choo kikiwa na damu.

Goma ingepaswa kulijua hili mapema. Kipindupindu kilichowaua hapa wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 kilikuwa kimeshazoea antibiotiki za tetrasaiklini na doksisaiklini. Kilichookoa watu kwanza ni maji yenye chumvi na sukari.

Kwa hiyo ningeanza na SRO, pakiti ileile ya binadamu, katika lita moja ya maji. Ya ziwani yachemshwe, yapoe. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mpe kidogokidogo, mara kwa mara. Chakula kiwe wali mlaini na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mifupa, kwa siku mbili tatu. Sambaza wa kukaanga na mabaki yenye mawese yangoje. Mchele tayari umo jikoni, kwa hiyo gharama hapa ni ndogo kabisa.

Pesa uliyookoa iweke kwa ajili ya veterinere, maana kuna siku hupaswi kungoja: mbwa anatapika kila anywacho, amelegea, ufizi umepauka, ngozi ya shingo ukiivuta hairudi upesi, au siku tatu zimepita bila nafuu. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa apelekwe siku hiyohiyo. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi, na hapo atahitaji serumu kwa siku kadhaa. Hapo antibiotiki ina kazi, kwa sababu ukuta wa utumbo umeharibika na bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo bili kubwa kuliko zote, na wengine hufa hata baada ya kulipiwa.

Chanjo ni nafuu kuliko hiyo serumu. Ila kabla ya kulipa, uliza imetunzwa wapi: inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji isiyo na umeme usiku ni kabati tu.